Kuvukiza bila kuchoma: Anayopaswa kujua anayenunua vepolaiza ya kwanza

MKENYA anayewasili Ujerumani kufanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani hukumbana na mengi mageni, na mojawapo ni chombo cha umeme ambacho huenda akakikuta mezani kando ya vidonge vya mgonjwa. Kimoja kina umbo la mlima uliokatwa kilele, na juu yake hufungwa mfuko mwepesi unaofura taratibu kwa mvuke. Kingine hutoshea kiganjani mithili ya simu ya zamani. Hivyo ni vyombo vya kuvukizia mimea mikavu, ambavyo wengi huviita vepolaiza, na mmea unaotiwa ndani aghalabu ni bangi aliyoandikiwa mgonjwa na daktari wake.

Tangu Machi 2017, madaktari wa Ujerumani wamekuwa na idhini ya kuwaandikia wenye maradhi mazito maua makavu ya bangi. Aprili 1, 2024, nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi: mtu mzima akaruhusiwa kubeba hadi gramu 25, kuhifadhi gramu 50 nyumbani na kupanda mimea mitatu kwa matumizi yake mwenyewe. Kanada ilikuwa imetangulia kuihalalisha Oktoba 17, 2018. Kwa kuwa serikali za Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi mnamo Septemba 2024, si ajabu kwamba muuguzi kutoka Nyeri au Kakamega ataombwa na mgonjwa amsaidie kuchagua chombo hicho, au kukijaza na kukisafisha. Nchini Kenya bangi ingali haramu, na yaelezwayo hapa yanahusu mahali ambapo sheria imeiruhusu.

Namna chombo hiki kinavyofanya kazi si kitendawili kwa aliyewahi kuona chetezo. Akina mama wa Pwani wanaofukiza udi wanafahamu kwamba kaa likiwa kali kupita kiasi, udi huungua na chumba kikajaa moshi unaowasha macho. Kaa likifunikwa kwa majivu kidogo, joto hupungua na harufu nzuri hutoka pole pole bila kuchafuliwa na moshi. Vepolaiza ni chetezo kisicho na kaa. Hupasha mmea joto la kiasi, viungo vinavyotakikana vikageuka mvuke, lakini jani lenyewe lisishike moto.

Siri yote basi imo katika vipimo vya joto. Viungo vya bangi, hasa THC inayolevya na CBD isiyolevya, hutoka vizuri mmea unapopashwa baina ya nyuzi 180 na 210 za Selsiasi. Joto likipita nyuzi 230 hivi, jani huanza kuungua. Ncha ya msokoto uliowashwa nayo hukaribia nyuzi 900 mvutaji anapovuta pumzi. Katika moto wa namna hiyo huzaliwa lami, gesi ya kaboni monoksaidi na kemikali kama benzini, ambazo hazikuwamo kamwe katika jani bichi wala kavu. Ni hizo ambazo vepolaiza inakusudiwa kuziepuka.

Je, huziepuka kweli? Mwaka wa 2007, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, likiongozwa na Dkt Donald Abrams, lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 18 wenye afya. Walipewa bangi ya nguvu sawa, siku nyingine wakiivuta kwa moto na siku nyingine kwa mvuke. Kiasi cha THC katika damu yao kilikaribiana, ilhali kaboni monoksaidi katika pumzi zao ilikuwa chini sana walipotumia mvuke. Huo ni ushahidi wa maana, ingawa hautoshi kumfanya mtu atangaze kwamba mvuke ni salama. Kupungua kwa moshi hakuligeuzi pafu kuwa mahali pa kupitishia chochote.

Utafiti wa pili unastahili kusomwa na kila anayeanza, kwa sababu unaonya jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini. Mnamo Novemba 2018, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jijini Baltimore, walieleza jinsi walivyowapima watu 17 ambao si wazoefu wa bangi. Kipimo kilekile kilipotolewa kwa mvuke, THC ilipanda juu zaidi katika damu kuliko ilipovutwa kwa moshi, na ulevi ukawa mkali zaidi. Sababu haiko mbali: moto wa msokoto huteketeza sehemu ya dawa hewani, ilhali chombo humpelekea mtumiaji sehemu kubwa ya kilichotiwa ndani. Mtu aliyezoea kuvuta anayedhani kwamba ulaini wa mvuke ni dalili ya udhaifu wake huweza kujikuta hajiwezi, moyo ukimwenda mbio na hofu ikimtawala.

Kabla ya kufika dukani, pana mkanganyiko mwingine wa kuondoa. Mwaka wa 2019 Marekani ilitikiswa na ugonjwa wa mapafu uliowapata watumiaji wa sigara za elektroniki. Kufikia Februari 18, 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki, 68 kati yao wakiwa ndio waliopoteza maisha. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mafuta ya THC yaliyouzwa vichochoroni katika vichupa vidogo, yakiwa yamechanganywa na asetati ya vitamini E. Vyombo vinavyozungumziwa hapa havitumii mafuta wala kimiminika. Hutiwa ua kavu lililosagwa. Muuzaji akimpa mnunuzi kifaa chenye kichupa cha mafuta na kumwambia kwamba ni kitu kimoja, amemdanganya.

Vyombo vya mimea mikavu hutofautiana kwanza kwa namna ya kupasha. Kuna vile ambavyo mmea hugusana na kuta za moto za kijungu kidogo, kama chapati inavyogusa kikaango. Hivi huwa vidogo na bei nafuu, lakini upande unaogusa chuma huiva kabla ya katikati, hivyo sharti mmea ukorogwe. Aina ya pili hupuliza hewa moto katikati ya mmea, nayo huvukiza sawasawa na kwa ladha safi zaidi. Vingi vya siku hizi huchanganya njia zote mbili.

Chombo chenye umbo la mlima kilichotajwa awali ni cha aina ya hewa moto. Huitwa Volcano, na hutengenezwa na kampuni ya Storz & Bickel mjini Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani, mji uliojulikana kwa visu na koleo za madaktari wa upasuaji kabla ya bangi kutajwa huko. Kiliingia sokoni mwaka wa 2000, na ndicho kilichotumiwa katika jaribio la San Francisco. Kampuni hiyo hutengeneza pia Mighty, ambacho hubebwa mkononi, na vyombo vyake viwili vina matoleo yaliyoidhinishwa kuwa vifaa vya tiba. Kwa mgonjwa, idhini hiyo ina uzito kuliko rangi na taa zote za dukani, maana inamaanisha kwamba joto linaloandikwa kwenye kioo ndilo joto lililomo ndani. Bei yake ni mamia ya Yuro, na si kila kaya inaimudu.

Asiyekuwa na fedha hizo asikimbilie cha bei ya chini kuliko vyote. Vyombo duni huwa na taa tatu za rangi badala ya kipimo cha nyuzi, na mtumiaji hana njia ya kujua iwapo taa nyekundu ni nyuzi 205 au 240. Tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya mvuke na moshi. Achunguze pia njia anayopitia mvuke: kioo, chuma kisichoshika kutu na udongo uliochomwa ni vitu vya kuaminika, ilhali plastiki hafifu inayonuka inapopata joto ni ya kuachwa dukani. Wapo wanaopenda vyombo visivyo na umeme kabisa, mathalan DynaVap ya Marekani, bomba jembamba la chuma linalopashwa kwa kiberiti cha gesi hadi kifuniko chake kitoe mlio. Ni nafuu na hakiharibiki upesi, lakini ni chombo cha mkono mwepesi. Mzee anayetetemeka mikono hapaswi kupewa moto wa gesi ashike.

Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa wauzaji hupotea njia. Wao husifu udogo wa chombo, eti chatoshea mfukoni. Mgonjwa wa maumivu ya neva asiyetoka nyumbani anahitaji nini mfukoni? Chombo cha mezani hakina betri ya kuchakaa, hakiangushwi ovyo, na mfuko wake ukishajaa, mgonjwa huvuta kwa mapumziko yake bila kushika kitu cha moto. Cha mkononi humfaa anayesafiri au anayeishi chumba kimoja na wengine. Akikichagua, aulize kama betri inaweza kubadilishwa. Betri za lithiamu hufifia baada ya miaka michache, na chombo kizima hutupwa kwa sababu ya betri iliyogandishwa ndani.

Chombo kipya kiwashwe mara moja au mbili kikiwa kitupu, kwenye joto la juu na dirisha likiwa wazi, ili mabaki ya mafuta ya kiwandani yatoke. Mmea husagwa usiwe unga wala mapande, kisha hutiwa bila kushindiliwa, kwani hewa isipopita hakuna kitakachovukizwa. Kwa anayeanza, nyuzi 175 hadi 180 zatosha. Huvuta polepole, kama anayekunywa chai ya moto kwa mrija, kisha hungoja. Athari huanza ndani ya dakika chache na huweza kuendelea kupanda kwa muda wa robo hadi nusu saa, kwa hivyo anayeongeza kabla ya muda huo kupita hajui amekwisha kupata kiasi gani. Mgonjwa hufuata kipimo cha daktari, na kiasi hupimwa kwa mizani, si kwa kukisia kwa vidole.

Wengi walioacha moshi hulalamika kwamba hawaoni kitu kikitoka kinywani, wakapandisha joto hadi waone wingu. Wingu si kipimo cha dawa. Kinachoeleza ukweli ni mabaki: yakitoka na rangi ya kahawia kama majani ya chai yaliyokauka, kazi imefanyika vyema, yakiwa meusi au yamegeuka jivu, mmea umeungua na mtumiaji amevuta moshi aliokuwa akiukimbia kwa gharama kubwa.

Usafi hupuuzwa mno. Utomvu huganda katika vichujio na mrija, hewa ikaziba, na chombo kikatoa ladha ya lami. Mabaki yafagiliwe kwa brashi chombo kikiwa bado na uvuguvugu, nazo sehemu za kioo na chuma zisuguliwe kwa spiriti mara kwa mara. Spiriti hushika moto, kwa hivyo kila kitu kikauke kabisa kabla ya swichi kuguswa. Mmea wenye ukungu utupwe wote. Joto la kuvukiza haliaminiki kuua vijidudu vyote, na kwa mgonjwa ambaye kinga yake imepungua, ukungu ukiingia mapafuni huleta maradhi makali kuliko yale aliyokuwa akiyatibu.

Hakuna chombo kinachoibadilisha THC yenyewe. Hulevya ikiwa mvuke sawa na ikiwa moshi, na wajawazito, vijana ambao ubongo wao ungali unakua, pamoja na wenye historia ya maradhi ya akili katika familia hushauriwa waiepuke. Wenye matatizo ya moyo wazungumze na daktari kwanza. Tangu Agosti 2024, dereva nchini Ujerumani anayepatikana na nanogramu 3.5 au zaidi za THC katika mililita moja ya seramu ya damu yake huadhibiwa, na mtumiaji wa kila siku huweza kufikia kiwango hicho hata kesho yake. Muuguzi anayeendesha gari kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine ana kila sababu ya kufungua dirisha na kutoka chumbani mfuko unapojazwa.

Kuna pia suala la safari ya kurudi nyumbani. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, ya mwaka wa 1994, haikomei kwenye bangi pekee. Inataja pia kiko au chombo kingine chochote cha kutumiwa kuivuta, na kukimiliki ni kosa. Hati ya daktari wa Munich haimkingi abiria katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, sembuse katika viwanja vya Ghuba ambako wengi hubadilishia ndege, na ambako chembe za mmea zilizonata ndani ya chombo zinaweza kuchukuliwa kuwa dawa yenyewe. Kukisugua kwa spiriti usiku wa kuamkia safari hakusaidii chochote. Chombo hicho hubaki Ulaya, kwenye kabati la rafiki au kwa mgonjwa mwenyewe, hadi mwenyewe atakaporejea.