Viungo na Istilahi katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Kamusi elezo iitwayo Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Huandikwa na watu wa kujitolea; mtu yeyote aweza kuanzisha makala, kuisahihisha au kuiongezea. Hapa tumekusudia kueleza sehemu moja ya kazi hiyo, yaani utiaji wa viungo, na kuonyesha jinsi inavyohusiana na usanifishaji wa istilahi.

Kiungo ni neno lililotiwa alama ndani ya makala ili msomaji akilibonyeza apelekwe kwenye makala nyingine inayolieleza. Istilahi hii imetokana na kitenzi unga, nayo yafaa kuliko kiunganishi, ambalo limekwisha kupewa kazi yake katika sarufi.

Kiungo huandikwa kwa kulizungushia neno mabano mraba mawili mawili, kama hivi: [[mto]]. Hapa ndipo maumbo ya Kiswahili yanapodai uangalifu. Kwa desturi makala hupewa jina la umoja, ilhali wingi wetu hubadilisha mwanzo wa neno. Mwandishi akitia mabano kwenye neno meno, mashine hutafuta makala iitwayo Meno. Haitambui yenyewe kwamba huo ni wingi wa jino. Hana budi aandike [[jino|meno]]: kwanza jina la makala, kisha mstari wima, kisha umbo atakaloliona msomaji. Kiambishi cha mwisho hakina taabu hiyo, kwani [[mto]]ni husomeka mtoni, na kiungo huelekea Mto.

Aidha, yapo maneno yenye maana zaidi ya moja. Paa ni mnyama, na ni sehemu ya juu ya nyumba. Kiungo kisichokaguliwa chaweza kumtoa msomaji katika habari za ujenzi na kumfikisha mwituni.

Tatizo kubwa zaidi ni la istilahi. Mwandishi mmoja akiandika kompyuta, wa pili tarakilishi na wa tatu ngamizi, mashine huyahesabu hayo kuwa mambo matatu. Basi maarifa yaweza kutawanyika katika makala tatu, kila moja ikiwa pungufu. Upo ukurasa wa kuelekeza, ambao humchukua msomaji kutoka jina moja hadi jingine. Lakini ukurasa huo hauamui jina lipi liwe kuu. Wanaoamua ni waandishi, nao huamua kwa istilahi walizo nazo mkononi. Istilahi iliyofungiwa kabatini haisanifishi kitu, maana wenye haja nayo watabuni yao.

Kwa manufaa ya wasomaji, tunaeleza istilahi nyingine zinazotumiwa na waandishi hao:

1. Kiungo chekundu: kiungo kielekeacho makala ambayo bado haijaandikwa. Si kosa; huonyesha kazi iliyobaki.
2. Viungo vya nje: viungo vya kwenda tovuti nyingine, huwekwa mwishoni mwa makala. Viwe vichache na vya kuongeza maarifa, wala si vya kutangaza biashara.
3. Mbegu: makala fupi inayongoja kukuzwa.
4. Jamii: kundi la makala za mada moja.

Ni wajibu wa wapenzi wa lugha kushiriki katika kazi hii. Anayeanza na aanze na kiungo kimoja kilicho sahihi.