Unga wa Kihindi Kikombeni: Usikurupuke, Dada

Dada yangu, siku hizi ukiingia duka la dawa za Kihindi unakuta vikopo vya unga vimepangwa hadi juu. Muuzaji anakwambia, "Huu wa tumbo, huu wa usingizi, huu mpelekee mzee nyumbani." Unalipa, unaondoka. Kasheshe linaanzia jikoni: unanywewaje? Wengi wanabwaga kijiko kwenye maji baridi, wanaziba pua, wanameza madonge.

Wenyewe wa Ayurveda, tiba ya asili ya India, unga huo wanauita churna, na hauendi tumboni bila msindikizaji. Anaweza kuwa maji ya vuguvugu, maziwa, samli au asali.

Tuanze na triphala, mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa: amla, haritaki na bibhitaki. Tia nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, funika dakika 10, chuja, kunywa ikiwa vuguvugu kabla ya kulala. Ni chungu, na inalegeza tumbo, kwa hiyo usiijaribu usiku wa kuamkia safari!

Ashwagandha ni mzizi, na jina lake la Kisanskriti maana yake harufu ya farasi. Fungua kopo utaelewa. Huu unataka maziwa: kikombe kimoja, nusu kijiko cha chai cha unga, iliki, moto mdogo dakika 5 huku unakoroga. Asali utie ikishapoa, maana Ayurveda inakataza asali kupashwa moto.

Sasa hapa tuongee kikubwa. Ashwagandha ndio ule unaonadiwa kwa nguvu za kiume, na wapenzi wengine wanaunywa pamoja usiku. Kama una mimba au unaitafuta, kikombe hicho si chako. Mwenzi wako naye kama anatumia dawa za presha, sukari, tezi la shingo au usingizi, amwambie daktari kwanza. Mambo ya kunywa kimyakimya kwa aibu ndiyo yanayoponza watu. Wapo walioumia ini. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa mweusi, acha mara moja, nenda hospitali. Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023.

Kingine ni risasi. Siongelei ya bunduki, naongelea madini. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi inamdhuru mtoto tumboni, na kwa macho huioni. Kwa hiyo unga wa kwenye nailoni, usio na jina la mtengenezaji wala tarehe, uache hukohuko dukani.

Mnataka tu kikombe cha wawili? Chemsheni maziwa na robo kijiko cha manjano, iliki na pilipili manga kidogo, ambayo husaidia mwili kuyapokea manjano. Mjamzito asizidishe kiasi cha mapishi. Na vikombe vioshe usiku uleule, doa lake hilo halitoki.