Eksitoni katika mirija nano ya kaboni

Eksitoni ni jozi ya elektroni na tundu vinavyovutana na kusafiri pamoja ndani ya mada. Wazo hilo lilitolewa na mwanafizikia Yakov Frenkel mwaka 1931. Katika mirija nano ya kaboni, eksitoni ndizo zinazoamua jinsi mwanga unavyofyonzwa na kutolewa.

Muundo wa mrija

Mrija nano wenye ukuta mmoja ni tabaka moja la atomi za kaboni lililoviringishwa kama mkeka. Kipenyo chake ni takriban nanomita 1. Kulingana na namna tabaka lilivyoviringishwa, mrija huwa kama metali au huwa nusukipitishi.

Kutokea kwa eksitoni

Mrija ulio nusukipitishi unapofyonza fotoni, elektroni hupanda kwenye kiwango cha juu cha nishati na kuacha nafasi tupu iitwayo tundu. Tundu hutenda kama chembe yenye chaji chanya, hivyo huvutana na elektroni yenye chaji hasi.

Katika silikoni mvutano huo ni dhaifu, na joto la kawaida la chumba hutosha kutenganisha jozi. Katika mrija chembe hizo zimebanwa kwenye nafasi nyembamba, tena sehemu ya uga wa umeme kati yao hupita nje ya mrija, ambako haupunguzwi sana. Kwa hiyo jozi hushikamana kwa nguvu.

Uthibitisho

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba mirija iliyotenganishwa mmojammoja hutoa mwanga wa infraredi ya karibu. Mwanzoni matokeo ya namna hiyo yalielezwa mara nyingi kana kwamba elektroni na tundu viko huru.

Mwaka 2005 Feng Wang, Louis Brus, Tony Heinz na wenzao walipima ufyonzaji wa fotoni mbili kwa pamoja. Kama chembe zingekuwa huru, ufyonzaji huo ungeanza kwenye nishati ileile ya mwanga unaotolewa. Badala yake ulihitaji nishati kubwa zaidi. Walikadiria kwamba nishati inayoshikilia jozi ni takriban elektronivolti 0.4, zaidi ya mara 10 ya nishati ya joto la chumba.

Umuhimu

Katika seli za jua, kufyonza mwanga pekee hakuzalishi mkondo wa umeme: lazima kwanza eksitoni itenganishwe, kwa mfano kwenye mpaka wa mrija na mada nyingine.