Miongo Mitatu Baada ya Mvua

Wazee wetu wa pwani hawakuingoja Januari ili wajue kwamba mwaka umeingia. Kwao mwaka ulianza Nairuzi, siku iliyowafikia kwa njia ya bahari kutoka Uajemi, na ambayo hata leo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huiadhimisha mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Na tangu siku hiyo walizihesabu siku 365 kumi kumi, kila kumi likiitwa mwongo, hata ikatimia miongo 36 na siku tano za ziada. Mwaka wa mwezi mwandamo, unaotuongoza katika saumu na idi, ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, na kwa hiyo Ramadhani huangukia masika miaka fulani na kipupwe miaka mingine. Mkulima na nahodha walihitaji hesabu ifuatayo jua, huyu apate kujua lini atie mbegu, na yule lini kaskazi itamshusha kutoka Arabuni na lini kusi itamrejesha.

Hesabu hiyo yamfaa pia mwenye kuichunga siha yake. Masika yanaposhuka, baina ya Machi na Mei, kaskazi ikiwa imekoma na kusi ikiingia, maji husimama madimbwini na hata katika nyayo za ng'ombe, na mbu aina ya anofelesi hutaga humo mayai yake. Katika joto la pwani yai huwa kiluwiluwi, na mbu kamili huruka baada ya kadiri ya mwongo mmoja. Lakini mbu huyo hazaliwi na maradhi: sharti kwanza afyonze damu ya mtu mwenye vimelea vya malaria, navyo vikue mwilini mwake kadiri ya mwongo wa pili, ndipo vifike katika mate yake, na mbu wengi hufa kabla ya kuutimiza muda huo. Akiishi akamwuma mtu, vimelea hujificha ndani ya ini, kisha huingia damuni, na homa aghalabu hudhihiri mwongo wa tatu ukielekea kwisha, wakati ambapo mawingu huenda yamekwisha tawanyika na watu wameisahau mvua iliyoileta.

Mvua za siku hizi hazishiki miadi kama zamani. Basi na tuanze kuhesabu, si kwa tarehe iliyo ukutani, bali kwa mvua yenyewe. Mwongo wa kwanza, tufukie madimbwi; wa pili, tushone kila tundu la chandarua na kulala ndani yake kila usiku; na tangu wa tatu, mwenye kushikwa na homa apelekwe kupimwa siku ile ile, hasa mtoto mchanga na mja mzito, kwani malaria iliyowahiwa hutibika, na iliyocheleweshwa huua.