Leseni Inayozimika Msimu wa Harusi

Jumatatu ndiyo siku ya kazi nyingi zaidi kwa wapiga video wa Waithaka, Nairobi. Kadi za kumbukumbu zimerudi zimejaa: mazishi ya Ijumaa, ruracio (sherehe ya mahari) ya Jumamosi, ibada ya shukrani ya Jumapili. Wateja nao wameshaanza kupiga simu. Kazi hufanyiwa katika vyumba vidogo vya kupanga, juu ya kinyozi au duka la M-Pesa, kwenye vipakatalishi vilivyotumika kwanza Ulaya kabla ya kuuzwa upya Luthuli Avenue au Moi Avenue. Kamera mara nyingi ni ya kukodi. Droni ni ya kukodi. Kitu ambacho mhariri hukiona kuwa chake kabisa ni programu ya kuhariri iliyomo ndani ya mashine, kwa sababu aliilipia mwenyewe na ujumbe wa M-Pesa bado anao kwenye simu.

Pesa hizo ndizo zinazonishughulisha. Kwa miaka mingi katika muongo uliopita, BSA, muungano wa kampuni za programu duniani, ulikadiria kwamba programu tatu hivi kati ya kila nne zilizowekwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Hesabu ya namna hiyo huwaweka watu wote katika kapu moja. Lakini yupo aliyechukua nakala iliyovunjwa kufuli akijua anachofanya, na yupo aliyejinyima, akatuma shilingi elfu mbili au tatu kwa muuzaji wa mtandaoni, akaamini kwamba sasa yuko upande wa haki. Huyu wa pili alitaka kulipa. Akalipa. Na bado siku moja Desemba, harusi zikiwa zimefuatana, programu inamfungia mlango.

Tangazo lenyewe hupatikana Facebook, Telegram au kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha: Premiere Pro ya maisha, lipa mara moja, utasaidiwa kuiweka kwa mbali. Hapo penye neno la maisha ndipo mnunuzi angepaswa kusimama. Adobe, kampuni inayotengeneza Premiere, ilitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo yake mapya yatauzwa kwa malipo ya mwezi au mwaka tu. Toleo la mwisho ambalo mtu aliweza kulinunua moja kwa moja akabaki nalo ni CS6 la mwaka 2012. Kwa hiyo anayekuuzia Premiere ya sasa kwa malipo ya mara moja anakuuzia kitu ambacho mtengenezaji wake hakiuzi popote.

Basi anakupa nini? Mara nyingi anakupa anwani ya barua pepe na nenosiri. Akaunti hiyo imefunguliwa chini ya leseni ya chuo au kampuni fulani ya nchi ya mbali, na jina lako limechomekwa katika orodha ya wanafunzi au wafanyakazi wake. Itafanya kazi vizuri kabisa. Itapokea masasisho, itakuonyesha kila kitu kama mteja halali. Kisha msimamizi wa leseni hiyo huko aliko anapitia orodha yake, anakuta majina asiyoyajua, anayafuta. Hakukuibia chochote, amefunga mlango wa nyumba yake. Na kama ulikuwa umehifadhi kazi za wateja katika hifadhi ya mtandaoni ya akaunti ile, nazo ziko mikononi mwake, kwa kuwa vilivyomo katika akaunti ya taasisi ni mali ya taasisi. Muuzaji ukimtafuta, namba haipatikani.

Kwa upande wa DaVinci Resolve mambo ni tofauti kidogo, na ni vizuri mtu ayaelewe kwa sababu programu hii inazidi kupendwa. Watengenezaji wake ni Blackmagic Design, kampuni ya Australia iliyoinunua DaVinci mwaka 2009. Toleo la Studio huuzwa dola 295, kiasi cha shilingi 38,000 kwa thamani ya shilingi ya miaka hii miwili, na halilipiwi tena. Mnunuzi hupata ama kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, ama ufunguo wa herufi na tarakimu. Ufunguo huo huruhusu kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Ukiuingiza kwenye ya tatu, mfumo hukutaka uzitoe zile za kwanza. Muuzaji asiye mwaminifu huchukua ufunguo mmoja wa kweli, pengine uliokuja na kamera ya mtu, akauuza kwa watu ishirini. Kila mmoja wao anapoamilisha, mwenzake anatolewa nje bila kujua aliyemtoa ni nani. Mhariri wa Waithaka anamtoa wa Thika, wa Thika anamtoa wa Kampala, na wote ishirini wamelipa.

Funguo za bei ya chini sana zina chanzo, na chanzo hicho kimewahi kuanikwa hadharani. Mwaka 2020 soko la mtandaoni la G2A lilikiri kwamba funguo 198 za mchezo wa kompyuta uitwao Factorio zilizouzwa humo zilikuwa za wizi, likawalipa watengenezaji, Wube Software, dola 39,600. Mchezo si programu ya kuhariri, lakini njia ya wizi ni ileile: mtu ananunua funguo kwa kadi ya benki iliyoibwa, anaziuza haraka kwa bei ya kutupa, mwenye kadi anagundua na kudai pesa zake, mtengenezaji anabaki na hasara na kuzifuta funguo. Anayefutiwa ni yule wa mwisho katika mnyororo, ambaye hakuiba kitu.

Kuna hatari kubwa kuliko kufungiwa. Wauzaji wengine hawatumi ufunguo bali faili la kupakua, pamoja na maagizo: kwanza zima programu ya kukinga virusi. Mtengenezaji halali haanzi maagizo yake kwa kumtaka mteja afanye hivyo. Muuzaji akikuomba, acha hapo hapo, hata kama umeshalipa. Wadukuzi wamekuwa wakificha ndani ya programu zilizovunjwa kufuli virusi vinavyoiba maneno ya siri na vidakuzi vya kivinjari. Kimoja kinachoitwa Lumma kilipovunjiwa mitambo yake Mei 2025, Microsoft ilisema iliona kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani kwa miezi miwili tu. Mwizi mwenye vidakuzi vyako hahitaji nenosiri. Anaingia katika YouTube yako kana kwamba ni wewe. Hata Linus Tech Tips, chaneli ya Kanada yenye mamilioni ya wafuasi na mafundi wa kompyuta wa kutosha, ilitekwa kwa njia hiyo Machi 2023. Kijana ambaye chaneli yake ya nyimbo za injili ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba hana fundi wa kumrudishia.

Wasomaji wa Nairobi wanalifahamu jambo hili la nakala zisizo halali kwa upande wake wa pili. River Road, katikati ya jiji, ndiko walikochipukia watengenezaji filamu wa Riverwood, waliopiga filamu za Kikikuyu na lugha nyingine kwa kamera ndogo na bajeti ndogo zaidi, wakaziuza kwa kanda, kisha kwa VCD na DVD. Kilio chao tangu mwanzo kilikuwa nakala za wizi. Filamu ilitoka leo, na baada ya muda mfupi ilikuwa ikichuuzwa barabarani kwa sehemu ya bei yake. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikaleta vibandiko maalum vya kutofautisha nakala halali. Sheria waliyoikimbilia ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na sheria hiyohiyo huilinda programu ya kompyuta, ikiihesabu pamoja na kazi za maandishi. Mhariri anayetaka video yake ya ruracio isipakiwe na mtu mwingine bila ruhusa anasimama juu ya sheria ileile inayomlinda aliyeandika programu anayoitumia. Siwezi kuona namna ya kuikumbatia nusu moja na kuitupa nyingine.

Hata hivyo, bei ni tatizo la kweli, na sipendi mahubiri yanayolipuuza. Premiere peke yake imekuwa ikiuzwa kiasi cha dola 23 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka mzima. Hiyo ni karibu shilingi 3,000, kila mwezi, pamoja na Februari, mwezi ambao harusi ni chache na simu hailii. Final Cut Pro ya Apple iliuzwa kwa miaka mingi dola 299.99 kwa malipo ya mara moja, lakini inahitaji kompyuta ya Mac.

Jibu langu ni toleo la bure la DaVinci Resolve, na nalitoa bila kusitasita. Si toleo la majaribio. Halikomi baada ya wiki moja, haliweki chapa juu ya picha kwa kazi za kawaida, na hutoa video hadi ukubwa wa Ultra HD, picha 60 kwa sekunde. Ruracio yoyote inatosha humo. Kinachokosekana ni vitu kama kusafisha chengachenga za picha zilizopigwa gizani, na kwenye Windows hukataa baadhi ya video za biti 10 kutoka kamera za kisasa. Dawa ni kuiweka kamera katika biti 8 kabla ya kuanza kupiga. Mwenye mashine dhaifu atumie Kdenlive au Shotcut, ambazo ni huru na hazina ufunguo wa kununua kabisa. Resolve ni nzito: watengenezaji wanataka ramu ya GB 16, na kipakatalishi cha mtumba chenye GB 8 kitakwama. Kuongeza ramu kwa fundi wa Luthuli kutamsaidia mhariri kuliko leseni yoyote ya kubahatisha.

Kwa anayetaka kununua, njia ya malipo imerahisika. Zamani mtu asiye na kadi ya benki alilazimika kumpitia mtu wa kati, na soko hili la wauzaji lilinenepa kwa sababu hiyo. Tangu Juni 2022 Safaricom na Visa wana kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, GlobalPay, inayomwezesha mtu kulipa moja kwa moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Wauzaji halali wa kati bado wapo, na wengine ni wazuri. Majina yao huwekwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Muuzaji atafutwe humo kwanza, kabla ya pesa kutoka. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ajitambulishe na kueleza masharti kabla ya mkataba. Asiye na jina, risiti wala anwani hapaswi kupewa hata shilingi mia.

Kisha kuna kuiweka programu yenyewe, na hapa ndipo makosa madogo huzaa hasara. Faili la kuweka programu lipakuliwe kutoka tovuti ya mtengenezaji, hata kama ufunguo umenunuliwa kwingine. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mhariri mwenyewe. Nimeona watu wakimwachia fundi wa saiba afungue akaunti kwa barua pepe yake, na fundi anapohama, leseni imehama naye. Kuamilisha kufanyike mahali penye intaneti ya kutegemewa. Premiere hurudi kuuliza: anayejifunga mwezi mmoja mmoja anaweza kukaa siku 30 bila mtandao, anayejifunga mwaka mzima siku 99, kwa hiyo anayekwenda kupiga filamu mahali pasipo mtandao aifungue kwanza akiwa mjini. Na kabla ya kuuza kompyuta au kuiwekea Windows upya, leseni itolewe humo kwanza. Mashine nyingi zimeuzwa pale Moi Avenue zikiwa bado zimebeba nafasi moja ya leseni ya mtu.

Mradi nao upangwe kabla ya kuingiza picha ya kwanza. Umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo maana taa za ukumbini hucheza katika video iliyopigwa kwa mipangilio ya Marekani. Kamera iwekwe picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, na mradi uwe 25 vilevile, kwa kuwa Resolve haikubali kasi ya mradi kubadilishwa ukishaanza kazi. Video za simu za wageni huja na kasi inayopandashuka, na ndizo zinazofanya midomo ya mchungaji iachane na sauti yake dakika ya kumi na tano. Zigeuzwe kwanza ziwe za kasi moja. Sauti iwe kilohezi 48. Haya yangeweza kufundishwa kwa mchana mmoja katika chuo cha ufundi cha kaunti kilichoko hapahapa Waithaka, na kaunti ingekuwa imewafanyia vijana wake jambo la maana.

Na siku mhariri atakapolihitaji toleo la Studio, hesabu inabebeka akiiingiza katika bei yake. Akiongeza shilingi 1,500 katika kila ankara na kuziweka kando, kazi 26 zinatosha kuilipia. Kuanzia ruracio za Agosti hadi harusi za Desemba, aliyezoea kupata kazi moja au mbili kila wikendi anafika hapo kabla ya mwaka mpya, na risiti inatoka ikiwa na jina lake.