Ushahidi wa Mama Mmoja Arusha

Sheria ya kimataifa ya kibinadamu, ambayo nguzo yake ni Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, huwalinda watu wasiopigana au walioweka silaha chini, na ukiukaji wake mkubwa ndio huitwa uhalifu wa kivita. Mtafiti wa sheria hiyo hana budi kuisoma kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, iliyosikilizwa mjini Arusha na mahakama ya kimataifa iliyoundwa kushughulikia uhalifu uliofanyika Rwanda.

Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji. Januari 1997, shahidi mmoja alieleza kizimbani jinsi bintiye wa miaka 6 alivyobakwa. Majaji, akiwemo Navanethem Pillay, wakamhoji zaidi, na Juni mwaka huo hati ikarekebishwa. Inauma kufikiri kwamba, kama mama huyo angenyamaza, huenda hukumu ya Septemba 2, 1998 isingetamka kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, yaani matendo yenye nia ya kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao.

Hata hivyo, ingawa alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, Akayesu hakutiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita, kwa kuwa uhusiano wake na jeshi haukuthibitishwa. Mwaka 2001 majaji wa rufaa walisema kigezo hicho cha kudai uhusiano na jeshi kilikuwa na kasoro.

Kumbukumbu za mahakama hiyo zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha, na wanasheria vijana wa Afrika Mashariki wanapaswa kwenda kuzisoma.