Mdau Aliyeulizwa na Kilichobadilika

Mei 2023 wazazi wengi nchini Uganda walishtuka. Katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE kwa kifupi, programu nyingi za shahada, zikiwemo za Makerere, zilionekana zimeandikiwa kwamba muda wake umekwisha. Wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi na masomo ng'ambo wakaanza kuuliza kama vyeti vyao bado vina thamani. Baraza likaeleza kwamba programu hizo zilikuwa zimefikia wakati wa kupitiwa upya, na kwamba shahada zilizotolewa ni halali. Maelezo yalikuwa sahihi, lakini hayakuwatuliza wengi. Watu walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba shahada nayo hukaguliwa, hupewa kibali cha muda, na kibali hicho huisha.

Tangu sheria ya vyuo vikuu ya 2001, hakuna chuo Uganda kinachoruhusiwa kufundisha shahada bila ithibati ya NCHE. Idara huandika rasimu ya mtaala, kitivo huijadili, seneti huipitisha, kisha faili hupelekwa kwa baraza, ambalo huteua wataalamu wa fani husika waisome. Wanaangalia masomo, walimu na sifa zao, vitabu, maabara. Wanaangalia pia kama wadau walishauriwa. Mimi ninaposoma faili kama hizo, kurasa za walimu na vitabu nazipitia haraka, maana hivyo ni vitu vya kuhesabika: vipo au havipo. Mahali ninapokaa muda mrefu ni kwenye kiambatisho cha wadau.

Mara nyingi kiambatisho hicho kina barua za mwaliko, karatasi ya mahudhurio yenye sahihi na namba za simu, picha za watu waliokaa chini ya hema, na muhtasari wa kikao. Muhtasari utakuambia kwamba wadau walisisitiza wanafunzi wafundishwe kompyuta, maadili, ujasiriamali na mafunzo ya vitendo. Badilisha jina la shahada, weka uhasibu mahali pa uuguzi, na hakuna sentensi itakayohitaji kurekebishwa. Hapo ndipo ninapojua kwamba watu waliitwa lakini hawakuulizwa.

Kasoro ya pili haionekani upesi. Kila mdau ana la kuongeza, na hakuna anayeulizwa lipi litolewe. Wakati mtaala ni saa, na saa zina mwisho. Kwa hesabu inayotumika Uganda, krediti moja ni saa 15 za kukutana na mwalimu katika muhula. Saa moja ya mhadhara huhesabiwa moja, lakini saa mbili za maabara au vitendo ndizo zinazohesabiwa moja. Somo la krediti tatu, kwa hiyo, lina saa 45 tu. Ukikata saa 10 za mihadhara unapata saa 20 za wanafunzi kushika vifaa, ila uwe na vifaa hivyo, uwe na fundi wa maabara, na kundi lisiwe kubwa kuliko meza zilizopo. Mdau akisema "ongezeni vitendo", amegusa ratiba, bajeti na idadi ya wanafunzi watakaopokelewa. Chuo kinachomjibu "tumepokea maoni yako" bila kumwonyesha hesabu hiyo kimemfukuza kwa adabu.

Sasa tuyapeleke haya bonde la mto Nyamwamba, Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa sababu huko swali la nani ni mdau halina jibu rahisi. Zamani lingekuwa nalo. Kuanzia 1956, mwaka reli ilipofika Kasese, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgodi wa shaba wa Kilembe ulikuwa ndio mwajiri mkubwa wa eneo hilo. Anayetaka kujua fundi au mhandisi wa Kasese afundishwe nini angekwenda ofisi moja tu, akarudi na orodha. Shaba ikanyamaza, na mabaki ya mgodi yakabaki kando ya mto. Mei 2013 mto ukafurika, na Mei 2020 ukafurika tena na kuibomoa hospitali ya mgodi. Kila mafuriko huchota kutoka kwenye yale mabaki na kuyashusha bondeni, kuelekea Ziwa George.

Tuseme chuo kinaandaa shahada ya uhandisi wa maji kwa ajili ya ukanda wa Rwenzori. Mdau wa kwanza kualikwa atakuwa mkurugenzi wa shirika au wizara kutoka Kampala, na ni haki aalikwe. Lakini mkulima wa mradi wa umwagiliaji wa Mubuku anajua mfereji unajaa mchanga mwezi gani. Mwenye nyumba Kilembe anajua maji yalipanda hadi wapi ukutani. Hao ndio watakaoishi na kazi ya mhandisi huyo, ingawa hawatamwajiri. Wakisikilizwa vizuri, somo la mabaki ya migodi na madini mazito majini halitabaki mada ya wiki moja ndani ya somo jingine. Na saa zake zitatoka wapi? Jibu langu ni kwamba zitoke kwenye masomo ya jumla ya mwaka wa kwanza, ambayo vyuo vingi hurithi kutoka mtaala hadi mtaala bila mtu kuuliza yamekaa hapo kwa nini. Najua mwenzangu wa kitivo cha sayansi za jamii atanuna.

Mfano wa afya ni mkali zaidi. Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka kutoka Kongo kwa upande wa Bwera, huko huko Kasese, ikampeleka mtoto wa miaka mitano hospitali ya Kagando. Wahudumu wa pale walishuku Ebola mapema, mtoto akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, na tarehe 11 Juni maradhi yakathibitishwa. Ebola haikusambaa Uganda kutokana na tukio hilo. Wengi tunasifu maabara na chanjo, na tunasahau kwamba kila kitu kilianzia kwa wahudumu waliomtazama mgonjwa na kuhoji alikotoka. Huwezi kuhoji bila lugha. Mpakani Mpondwe mazungumzo huenda kwa Lukonzo, Kinande na Kiswahili, na upande wa pili, Kasindi ya Kongo, nyaraka ni za Kifaransa. Anayepitia mtaala wa uuguzi wa ukanda huu akaishia kwa mganga mkuu, bila kuketi na muuguzi wa zamu ya usiku na mhudumu wa afya wa kijiji, ataandika mtaala mzuri wa mahali pengine.

Tatizo linalosemwa sana ni kwamba watu wa kawaida hawawezi kuchangia mambo ya mtaala, hasa wasiojua kusoma. Kwa Kasese hoja hiyo haina miguu. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint ulishiriki kuibua mbinu iitwayo GALS, ambayo leo hutumiwa na mashirika ya maendeleo katika nchi nyingi. Mwanachama huchora. Anachora mti: mizizi ikionyesha nani anafanya kazi gani nyumbani, matawi yakionyesha nani anatumia fedha na kwa lipi. Anachora pia barabara kutoka alipo hadi anapotaka kufika, pamoja na vikwazo vya njiani. Mume na mke wakilinganisha michoro yao, mengi yasiyosemwa kikaoni hutoka. Programu ya kilimo au ya biashara inayopeleka Kasese hojaji ya Kiingereza yenye maswali ya kutia tiki imepita karibu na hazina bila kugeuka kuitazama.

Hata hivyo wadau si wapiga kura, na hapa natofautiana na wenzangu wanaodhani kila maoni yaingizwe. Mwajiri anamtaka mhitimu anayejua mashine yake ya leo. Mwanafunzi anataka cheti kitakachomfaa hata akihamia Mombasa au Toronto. Mzazi anataka ada iwe ndogo na miaka iwe michache. Matakwa haya yanagongana, na kazi ya chuo ni kuamua. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal, kilichoanza 2005 kwa juhudi za jamii na sasa ni cha umma, au chuo kingine chochote cha magharibi, kina haki ya kumkatalia mdau. Kinachotakiwa ni kumkatalia kwa maandishi na kwa sababu.

Zamani uamuzi wa nini kifundishwe ulikuwa mbali zaidi. Kuanzia 1949 Makerere ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Ilipofika 1963 ukaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho mwaka 1970 kiligawanyika kuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilianza 2006 kujenga mfumo wa pamoja wa uthibiti ubora, na 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, jambo hili likawa la mtu wa Bwera moja kwa moja. Hospitali na kampuni za Beni na Butembo sasa ni sehemu ya soko la mhitimu wake, na kwenye viambatisho ninavyosoma wadau wa ng'ambo ya mpaka ni nadra kuwaona.

Ninachoomba mimi kwenye faili ni jedwali moja. Nani alisema nini. Kimebadilika nini, ukurasa gani, saa zimetoka wapi. Nini kimekataliwa na kwa nini. Jedwali hilo halijazwi bila kikao cha pili, kile cha kurudisha rasimu kwa waliotoa maoni kabla seneti haijaipitisha. Bajeti ikipungua, kikao hicho ndicho hufutwa kwanza. Ningeshika kalamu mimi, ningefuta cha kwanza, kile cha hema na hotuba za ufunguzi, maana maoni ya mwanzo yanaweza kufuatwa yaliko: Kyarumba wakulima wanapoleta kahawa, Mpondwe siku ya soko, wodini Kagando zamu zinapopokezana.